Mapera yakianguka: namna ya kupika konfitire nzito juu ya moto wa kuni

Musimu wa mapera ukifika, njia zote za Kabare zinanukia. Asubuhi wamama wanashuka sokoni na mabeseni yaliyojaa, na saa kumi wanapanda tena na nusu ya beseni, kwa sababu kila nyumba ina muti wake wa mapera na kila mutu ameleta yake. Siku ya pili ile nusu imelainika. Siku ya tatu ni chakula cha nguruwe. Ndiyo maana katika mikutano yetu na kooperative swali linarudi kila mara: je, hatuwezi kuyapika na kuyaweka?

Munaweza. Lakini sisi wenyewe tuliharibu sufuria mbili nzima kabla ya kuelewa kazi hii, na ni vizuri tuwaelezee yote pamoja na makosa yetu, ili musiyalipe tena kwa sukari yenu.

Kitu tunachozungumzia hapa si ile konfitire nyepesi ya hoteli inayotembea juu ya mukate. Ni uji wa tunda uliopikwa muda murefu mupaka maji mengi yametoka, ukabaki muzito, mulaini, wa rangi nyekundu ya matofali. Watu wengi duniani wanaijua kazi hii, kila mutu na tunda lake. Kule Ubeligiji, upande wa Liège, wanapika pome na peari saa nyingi mupaka zinakuwa nyeusi na nzito kama asali ya zamani. Kule Marekani, katika vijiji vya Pennsylvania na milima ya Appalachia, jamaa nzima inakusanyika inje wakati wa mavuno ya pome, wanawasha moto wa kuni chini ya chungu kikubwa cha shaba, na wanakoroga kwa zamu toka asubuhi mupaka jioni na mwiko wenye mupini murefu, ili mutu asimame mbali na moto. Wanaiita siagi ya pome, hata kama hakuna siagi ndani. Ni kwa sababu inapakwa juu ya mukate kama siagi. Sisi hatuna pome za kutosha. Tuna mapera, na kwa kazi hii mapera yana nguvu katika jambo moja: yana ule utelezi wa asili unaofanya konfitire ishikamane, hasa kama umechanganya yaliyoiva na machache ambayo hayajaiva sana.

Juu ya nini inakaa bila kuoza

Wengi wanajibu: ni sukari. Wengine: ni moto. Majibu yote mawili yana ukweli nusu, na kutoka hapo ndipo hasara inaanza.

Pera ni maji kwa sehemu kubwa; katika kilo moja, zaidi ya gramu 800 ni maji. Vijidudu vinavyoozesha na vile vinavyogeuza juisi kuwa pombe vinahitaji maji hayo ili viishi. Ukichemsha uji mupaka maji mengi yametoka, na ukaongeza sukari inayokamata yale yaliyobaki, kijidudu kinakuta chakula kingi lakini hakina cha kunywa. Kisha kuna ukali wa ndimu, ambao unazuia vijidudu vya hatari kuliko vyote, vile vinavyoweza kuua mutu bila harufu wala povu. Na mwisho kuna kifuniko kilichofungwa wakati konfitire ingali moto sana, ili ikipoa ivute kifuniko ndani na hewa isiingie.

Maji kutoka, ndimu, kufunga ikiwa moto. Mukiondoa moja, yale mengine hayatoshi. Sukari peke yake katika uji wa majimaji ni chakula cha kasiksi tu.

Sufuria mbili tulizoharibu

Mara ya kwanza tulikuwa upande wa Kabare, karibu metre 1700 juu ya bahari. Tulikuwa na kitabu cha Kifaransa toka wakati wa masomo, na termometre. Kitabu kilisema konfitire imeiva ikifika degre 105. Basi tulisimama mbele ya sufuria kama waganga, termometre mukononi. Degre 96. Degre 97. Degre 98, na pale ikakaa. Mama mumoja aliyekuwa anakoroga alituambia: « Agronome, hii imeiva, angalieni namna inavyoachia sufuria. » Tulimujibu kwamba kitabu kinasema bado, na tukaongeza kuni.

Termometre ilipanda kweli. Uji uligeuka kahawia, kisha karibu mweusi, na chini ukashika. Tulipofika degre 103 hakuna aliyeweza kuzungusha mwiko. Kilo sita za sukari na mapera ya familia nane viligeuka karameli chungu yenye kunuka moshi. Sufuria ilisuguliwa na muchanga siku mbili. Yule mama hakusema neno, na hiyo ilituuma kuliko kama angesema.

Juma lililofuata tulirudi na woga. Mvua ilianza saa nane, kuni zikaloana, na tuliona uji umekuwa muzito, basi tukasema inatosha. Tulikimbiza sufuria ndani ya nyumba, tukajaza polepole wakati konfitire inaendelea kupoa. Tulipata bokali 31 za nusu kilo, wakati tulitegemea 25, na watu wote walifurahi. Kumbe zile sita za zaidi zilikuwa maji tu. Kisha majuma matatu mwenye alimantasio mujini alizirudisha: vifuniko vimevimba, ukifungua inatoa povu na harufu ya kasiksi. Mupaka leo hapokei konfitire ya mutu yeyote toka kilima kile, hata kama imepikwa vizuri. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi. Sukari tulinunua ingine. Jina hatukuweza kulinunua.

Makosa yale mawili yanaonekana kama kinyume, lakini yametoka katika jambo moja: tulifuata namba ya watu wanaokaa karibu na bahari.

Maji ya kwetu hayatokoti kama maji ya bahari

Kitabu hakikudanganya. Kiliandikwa na mutu anayekaa chini. Pale karibu na bahari maji yanatokota kwenye degre 100. Ukipanda mulima, hewa inayokandamiza maji inapungua, na maji yanatokota mapema: kila metre 300 unazopanda, karibu degre moja inapungua. Uvira, kando ya Tanganyika, maji yanatokota kwenye degre 97 hivi. Bukavu na Goma ni karibu 95. Kule tulikopikia ni 94 na kitu. Ni sababu moja ambayo inafanya maharagi yakawie kuiva kule juu: yanatokota kwa nguvu, lakini maji yenyewe hayana joto la kutosha.

Konfitire inafuata sheria ile ile. Namba 105 ya kitabu maana yake ni « degre tano juu ya maji ». Kwa konfitire yetu, ambayo tunaitilia sukari kidogo kuliko ile ya kitabu, inatosha degre nne juu ya maji ya mahali penu. Kwetu Kabare ni 98. Pale pale ambapo mama alisema imeiva.

Kwa hiyo kama kooperative yenu ina termometre, kwanza muitie ndani ya maji matupu yanayotokota, musome namba, muongeze nne, muiandike kwenye ukuta wa ghala. Ni namba yenu ninyi, musiikopeshe kilima kingine.

Kama hamuna termometre, musinunue juu ya kazi hii. Ndani ya uji muzito inadanganya kirahisi, sababu chini kuna joto tofauti na juu. Kuna kijiti, na kijiti ni bora. Tutakifikia.

Matunda, sufuria na kuni

Tunaeleza hapa kipimo cha kilo 20 za mapera, kwa sababu ni kazi ambayo watu watatu wanaweza kumaliza kwa siku moja. Musianze na kilo 50. Uji mwingi unachukua saa nyingi zaidi, unaiva bila usawa, na watu wanachoka saa ile ile ambayo haipashwi kuchoka.

Mapera mazuri kabisa muuze yakiwa mabichi. Hayo yana bei yake. Kwa konfitire tumia yale yaliyoiva kupita, madogo, yaliyochubuka njiani, na kama moja juu ya tano ambayo bado ni magumu. Lakini yaliyooza au yenye ukungu hapana, hata kidogo. Kila pera likatwe katikati na liangaliwe, maana inzi wa matunda anataga mayai ndani na kwa inje huoni kitu. Lenye funza litupwe ndani ya shimo na lifunikwe na udongo metre nusu, siyo kuachwa chini ya muti, la sivyo munawafuga inzi wa musimu ujao.

Juu ya sufuria tunaomba musikilize vizuri. Mapera na ndimu ni vitu vikali na vinakula chuma saa nyingi. Zile sufuria zinazoyeyushwa na mafundi wa hapa toka vyuma vya kuokota, vipande vya mashini na magari, zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani, ile ile iliyo katika batri ya gari. Uchunguzi uliofanywa Kamerun juu ya sufuria za namna hiyo ulikuta risasi inatoka na kuingia ndani ya chakula. Risasi inaharibu akili ya mutoto polepole bila kuonyesha ugonjwa. Kwa bugali ya dakika 20 kila mutu ataamua nyumbani kwake, lakini kwa konfitire ya saa nne tunakataa wazi. Mutafute sufuria ya inoksi, au ya emaye isiyobanduka. Kama kuna tu aluminiamu ya kiwandani, iwe nzito, na konfitire isilale ndani yake. Wale wa Pennsylvania wanatumia shaba, ndiyo, lakini wanaisugua na siki na chumvi mupaka inang'aa kabla ya kupika, na wanaitoa konfitire mara tu ikiiva. Sisi hatuna desturi hiyo, tuache shaba.

Sufuria iwe ya litre 40. Uji utajaa kidogo kupita nusu tu, na hiyo ndiyo tunataka, kwa sababu utaruka.

Kuni ziwe kavu za kweli, zilizokatwa miezi mingi mbele na kukaa chini ya paa. Karitusi au grevilea ya mashamba yenu zinafaa. Kuni mbichi zinatoa moshi, na uji wa mapera unakamata harufu ya moshi kama nguo. Musichome mbao zenye rangi wala zile zilizotiwa dawa. Majiwe matatu yanatosha kama muko mahali ambapo upepo haupiti. Mukizungushia ukuta mudogo wa udongo kwa pande tatu, kuni zinapungua sana. Kwa kipimo hiki tunatumia kitita kimoja, kile ambacho mama anabeba mugongoni. Mukiona munamaliza vitita viwili, kosa liko katika upepo au katika kuni zilizoloana, siyo katika mapera.

Kupika mara ya kwanza, na kichungio

Osha mapera, kata, weka ndani ya sufuria na litre 5 za maji safi. Usitoe ngozi wala mbegu. Utelezi ule tunaoutafuta uko mule. Funika, na hapa moto uwe mukali. Kisha dakika 30 au 40 yote imelainika. Kifuniko katika hatua hii kinaokoa kuni nyingi, na wengi wanakisahau.

Kisha pitisha uji katika kichungio kwa kuusukuma na mwiko wa muti. Mbegu za mapera ni kama muchanga wa mutoni. Mbegu moja ndani ya bokali na mununuzi atakumbuka jino lake, siyo konfitire yenu. Kazi hii inachosha mikono, na vijana wanaikimbia. Mubadilishane. Mutapata kilo 18 au 19 za uji mwepesi.

Saa ndefu

Rudisha uji kwenye moto, sasa bila kifuniko, maana tunataka mvuke utoke. Kabla ya yote mutengeneze kijiti. Ni hivi: sufuria ingali tupu na imesimama sawasawa, mimina ndani litre 10 za maji, simamisha kijiti safi katikati mupaka chini, na kata alama kwa kisu pale maji yanapofika. Mwaga maji. Alama ile ndiyo mwisho wa kazi yenu. Uji na sukari vitaanza karibu na litre 22, na vikishuka mupaka alama ya 10, maji yanayopashwa kutoka yametoka. Kijiti hakijui kama muko Uvira au Kabare, na hakiogopi mvua.

Kama kooperative ina mizani ya kupimia kahawa au maharagi, munaweza pia kupima sufuria: toa uzito wa sufuria tupu, na mukifika kilo 13 za konfitire mumemaliza. Lakini kubeba sufuria ya moto kwenye mizani ni hatari. Sisi tunapendelea kijiti.

Saa ya kwanza ni rahisi. Uji ni mwepesi, moto unaweza kuwa mukubwa, unakoroga mara kwa mara huku munapiga stori. Sukari usiitie bado. Sukari ikiingia mapema inashika chini na inafanya rangi kuwa nyeusi. Ngoja uji upungue mupaka karibu nusu, ndipo utie kilo 6 za sukari, kidogo kidogo, na maji ya ndimu: kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo ya uji ule muliopima mwanzoni, yaani vijiko 18 au 19. Ndimu siyo kwa ladha tu. Mapera yaliyoiva sana hayana ukali wa kutosha kwa kufungwa ndani ya bokali, na hilo haliwezi kuonjwa kwa ulimi ukishatia sukari. Musipunguze.

Kuanzia pale ondoa kuni zinazowaka, acha makala na miti midogo. Na kuanzia pale mwiko hausimami. Mwiko ufike chini kabisa, upite katikati, upite pembeni, kama kuandika namba nane. Uji muzito hauzunguki wenyewe kama maji. Ule ulio chini unabaki chini na unaungua wakati juu bado hujaona kitu. Mutu akichoka, ampe mwingine mwiko mukononi, asiuache ndani ya sufuria ili aende kuita. Dakika mbili zinatosha kuharibu kazi ya siku.

Sasa uji unaruka. Mapovu yanapasuka na kutupa matone ya moto kama matope, na tone la sukari halianguki kama la maji: linashika ngozi na linaendelea kuchoma. Mupini wa mwiko uwe wa metre moja au zaidi. Mikono ifunikwe na nguo ya pamba. Watoto wakae mbali, na kwa hili tunaomba mutu mumoja apewe kazi hiyo tu, siyo « kila mutu aangalie », sababu harufu inawaita na kila mutu anafikiri mwingine anaangalia. Mutu akiungua, maji safi ya baridi juu ya kidonda dakika 20. Siyo mafuta, siyo dawa ya meno.

Ukikaribia alama, fanya jaribio la sahani. Weka tone juu ya sahani baridi, ngoja dakika moja, inamisha. Kama maji yanatoka pembeni ya tone, bado. Kama tone linakaa pamoja na linatembea kwa uvivu, imeiva. Na ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia inabaki wazi nusu ya pumzi kabla ya kufungika. Ndiyo ile yule mama aliiona kabla yetu.

Toka mupera kukatwa mupaka hapa tunahesabu saa sita au saba. Mukimaliza kwa saa nne, rudisheni kijiti ndani.

Kujaza bila kuchelewa

Bokali na vifuniko viwe vimeoshwa na kuchemshwa wakati uji unaiva, siyo kisha. Vibaki ndani ya maji ya moto mupaka dakika ya mwisho. Bokali baridi ikipokea konfitire ya moto inapasuka. Jaza mupaka kwenye shingo, acha nafasi ya kidole kwa upana wake, panguza mudomo wa bokali, funga. Kisha zipange ndani ya sufuria ya maji yanayotokota, maji yafunike vifuniko, dakika 15. Vitabu vingine vinasema 5 au 10. Ni ya wale wa baharini tena, na maji yetu yana joto dogo. Kule juu kupita metre 1800, musishuke chini ya 15 hata siku moja.

Bokali zikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikikaa chini, kimefungika. Kikiruka « toki », bokali ile iliwe juma hili hili nyumbani, isiende sokoni. Bokali za kutumiwa zinafaa kama mudomo hauna hata pengo dogo, lakini kifuniko kiwe kipya, kwa sababu ile mpira ya ndani inafanya kazi mara moja. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hapana: zinajikunja na hazifungiki.

Na hapa kooperative nyingi zinatuambia ukweli: bokali yenye kifuniko kipya inakula faida. Ni kweli. Tumeona mahali ambapo bei ya bokali ilipita ile ya konfitire iliyo ndani yake. Wakolombia wametatua jambo hilo zamani. Katika muji wa Vélez wanapika mapera yale yale na sukari nyingi zaidi, mupaka yanakuwa tofali la kukatwa kwa kisu, na wanafunga kila kipande katika jani kubwa la muti unaoitwa bijao, jani linalofanana na la mugomba mudogo. Hakuna bokali. Na sisi majani hayatupungukii.

Kwa kufanya hivyo, tumia karibu kilo moja ya sukari kwa kila kilo ya uji uliokwisha kupungua, endelea kupika kupita jaribio la sahani mupaka uji wote unabandukana na sufuria na kuufuata mwiko kama bugali, mimina katika sanduku la muti lililotandikwa jani lililobabuliwa motoni, acha siku mbili mahali pakavu penye nyavu juu ya inzi, kata. Mikono ya kukoroga inapashwa kuwa ya nguvu. Katika musimu wa mvua tofali linaweza kushika ukungu, basi lisikae ghalani zaidi ya majuma machache, na likiota ukungu halikatwi upande na kuuzwa ule mwingine, linatupwa. Kwa soko la juma na wanafunzi wa masomo, tunaona tofali lina faida kuliko bokali. Kwa alimantasio za muji, bokali.

Kabla ya kuamua, muandike hesabu ya siku moja katika kitabu cha kooperative: mapera kwa bei ambayo mungeuza siku ile, sukari, ndimu, kuni hata kama zimetoka shambani mwenu, bokali na vifuniko, na siku ya kazi ya watu watatu. Gawanya kwa bokali 25. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake munafanya kazi ya bure. Wengi wanasahau kuni na mikono ya wamama, kisha wanashangaa kwamba faida haionekani.

Kila bokali iandikwe tarehe na namba ya sufuria. Toka kila sufuria, bokali mbili zibaki ghalani, mahali pa giza, na mutu mumoja aziangalie kila juma kwa miezi tatu: kifuniko, povu, rangi. Kama moja inavimba, munajua ni sufuria gani na munazikusanya zingine zote toka madukani kabla mununuzi hajazifungua.